Baraza la Vioo la Nyumba ya Vosburgh

Harlow Falls, New York
4 Machi 1962

Mdogo wangu Nelie,

Pilipili kavu ulizonitumia Krismasi nimezitundika jikoni. Nilijaribu kula moja nikatokwa machozi mpaka jirani, Bi Osgood, akadhani nimefiwa. Nyingine zitabaki kuwa pambo.

Nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mtu. Nyumba nimewapa Chama cha Kumbukumbu za Mji. Usishtuke. Nitaendelea kuishi humu humu, vyumba viwili vya juu ni vyangu mpaka nife, na Jumamosi wageni watapita chini kutazama. Paa limenishinda, Nelie. Nguzo moja ya mbele imeoza chini, unaweza kuingiza ngumi. Ilikuwa ama niwape wao, ama niiachie mvua.

Wamemleta msanifu majengo kutoka Albany, Bwana Everett Kimball. Kazi yake ni kuzirudisha nyumba za zamani zilivyokuwa. Hii anairudisha kwenye enzi za babu mkubwa Gerrit, alipoijenga kwa faida ya kinu chake cha unga. Kila kilichoongezwa baada ya Gerrit kinatazamwa, kibaki au kiondoke. Ni mtu mpole, mkewe alifariki zamani, na akiingia mlangoni anafuta viatu hata kama nje ni kukavu. Sebuleni amekwangua rangi kwa kisu kidogo, tabaka baada ya tabaka, hadi akafika kwenye rangi ya kwanza, nayo ni ya waridi, kama ndani ya kinywa cha paka. Sote tulikulia katika ile kijani ya Mama tukiamini ndiyo heshima yenyewe.

Mimi ndiye ninayemzungusha. Namwonyesha ngazi ipi ilibadilishwa, meko ipi iliwahi kuwaka moto, chumba gani bibi Hester alijifungia alipokataliwa na mchumba. Alisema hajapata kuona mtu anayeijua nyumba kama mimi ninavyoijua hii. Nakuandikia hili kwa sababu katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniambia neno la namna hiyo.

Banda la kufulia limeshaondolewa. Mengine ni madogo madogo tu.

Dada yako,
Adelaide


Tucson, Arizona
15 Machi 1962

Dada Addie,

Katika barua moja umemtaja Bwana Kimball mara nyingi kuliko ulivyomtaja Mungu maisha yako yote. Haya niambie, chai yake anatia sukari ngapi? Najua unajua.

Umefanya vizuri kuwapa nyumba. Sisemi kwa kukufurahisha. Ramiro angekuwa hai angecheka sana kusikia mtu analipwa kutafuta rangi ya kwanza ya sebule. Nyumba yetu hii ni ya udongo. Kila mwaka mvua zikipita naipaka udongo mpya kwa viganja, mahali alipoishia kupaka yeye naendelea mimi, wala hakuna anayeuliza ni ya enzi ya nani. Wateja wa duka la mikate bado wanapita wakidhani tuna mkate. Nawapa kahawa.

Sasa nikuulize, maana nakujua. "Mengine ni madogo madogo." Baraza langu la vioo je? Mwambie Bwana Kimball jinsi Baba alivyofunga makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, ili nikiwa kitandani nivute mara moja, vioo vyote vya upande wa bonde vishuke pamoja, hewa iingie. Hakuna nyumba nyingine mjini iliyokuwa na kitu kama kile. Au nipe anwani yake nimwandikie mwenyewe. Ningependa kuongea na mtu aliyegundua kwamba sebule yetu ni ya waridi.

Kifua changu hakinisumbui. Usiulize tena, nitakwambia kikisumbua.

Mdogo wako,
Nelie


Harlow Falls
24 Machi 1962

Nelie,

Hatii sukari. Na hana nafasi ya kusoma barua za watu, ana kazi.

Baraza "lako". Unavyolitamka. Tangu ulipolipata hilo baraza hakuna mtu aliyepita mbele ya nyumba hii akauliza habari za mtu mwingine. Daktari alipanda ngazi akanipita. Mchungaji akanipita. Wamama wa kanisa walileta mayai na supu, mimi nikapokea mlangoni, wakaniuliza, "Nelie anaendeleaje?" Nikawajibu, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, kujibu Nelie anaendeleaje.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alipolijenga alilibandika mbele ya dirisha langu, kisha dirisha lenyewe akalipigilia misumari na kulifunika mbao. Sikuwa na dirisha jingine. Wewe ukapewa ukuta mzima wa vioo na bonde zima la kutazama, mimi nikapewa ubao. Mpaka leo nawasha taa saa sita mchana nitafute soksi. Utasema kwa nini sikuhama chumba ulipoondoka. Nilikuwa nangoja Baba alifungue mwenyewe. Hakulifungua, na mimi sikumwomba.

Hukuwahi kuniuliza hata siku moja kule ndani kukoje.

Kamati ya Chama haijaamua lolote. Ikiamua nitakwambia. Usimwandikie Bwana Kimball. Nakuomba kitu kimoja tu.

Adelaide


Harlow Falls
9 Aprili 1962

Kwa Bi Cornelia Armenta,

Mimi ni msanifu ninayesimamia ukarabati wa nyumba mlimozaliwa. Anwani yako nimepewa na jirani, Bi Osgood, ambaye huwa unampelekea kadi. Dada yako hajui kwamba nakuandikia. Jambo hilo halinifurahishi, kwa kuwa amenitendea wema mwingi.

Ni kuhusu baraza la vioo lililo nyuma, ghorofa ya pili. Kanuni ya kamati ni kwamba vilivyoongezwa baada ya mjenzi wa kwanza viondolewe, isipokuwa kile kinachobeba maisha ya mtu aliyeishi humo. Bi Adelaide ameieleza kamati kwamba baraza hilo baba yenu alilijenga la kuoteshea maua, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Aliulizwa mara ya pili, akarudia vile vile.

Bi Osgood anasema vingine. Anasema akiwa msichana alikuwa akiona, hata katika theluji, mtoto aliyelazwa pale juu amefungwa mablanketi, na kofia ya manyoya kichwani, akimpungia mkono. Mtoto huyo, anasema, ni wewe.

Mabaraza ya kulalia wagonjwa wa kifua kikuu yalikuwa mengi katika jimbo hili, na karibu yote yamebomolewa na watu wenye kanuni kama zetu. Hili likiwa mojawapo, nitalipigania. Neno lako litatosha. Ukinyamaza au ukisema ni la maua, mafundi wataanza kulibomoa mwisho wa mwezi.

Sipendi kuingia kati ya ndugu wawili. Lakini likishashuka halitapanda.

Kwa heshima,
Everett Kimball


Tucson
17 Aprili 1962

Bwana Kimball,

Asante kwa barua yako na kwa jinsi unavyoitazama nyumba yetu.

Dada yangu amesema kweli. Baraza lilikuwa la maua. Bi Osgood ni mama mwema, ila amekuwa mtu mzima, na watoto waliompungia mkono walikuwa wengi. Endeleeni na kanuni yenu.

Cornelia Armenta


Tucson
17 Aprili 1962

Addie,

Bwana Kimball ameniandikia. Usimgombeze, aliona aibu katika kila mstari. Ameniambia ulichoiambia kamati.

Nimemjibu kwamba umesema kweli. Barua yake naiposti pamoja na hii. Kwa hiyo sasa tumedanganya wote wawili, na baraza litashuka kwa neno langu kama vile kwa lako. Sitaki uninyang'anye hilo.

Lakini maua, Addie. Ungeweza kusema ni bovu, linavuja, linaharibu sura ya nyumba. Ulichagua kusema sikuwahi kulala humo. Nilipolisoma niliweka barua mezani nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Umesema sikuwahi kukuuliza kule ndani kukoje. Sikuuliza kwa sababu huko ndani nilikuwa nakujua. Nilikuwa nakusikia. Chumba cha kulia kilikuwa chini yangu, na kiangazi madirisha yakiwa wazi nilisikia kila kitu. Nilisikia Baba akikusahihisha Kifaransa chako na wewe ukibishana naye, na yeye akicheka kwa namna ambayo huku juu hakucheka. Huku juu alikuwa anakuja na sura ya hospitali. Nilisikia mnakata pai. Nilisikia viti vikisogezwa. Mimi chakula changu kilikuja kwenye sinia lenye sahani ambazo hakuna mwingine aliyezilia, na zikirudi jikoni zilichemshwa. Tangu nikiwa na miaka tisa mpaka nilipoondoka nikiwa na kumi na sita Mama hakunibusu usoni. Alinibusu nywele, kwa nyuma. Ukutani nilikuwa na bonde zima, ndiyo. Ningekupa bonde lote na mto wake unipe kiti chako kwa usiku mmoja wa Krismasi.

Na Baba alipokufa ulikuwa naye. Mimi nilipata simu ya maandishi ya maneno machache, nikakatazwa kupanda treni wakati wa baridi. Miaka thelathini na kitu nakuonea wivu kile kitanda ulichokaa kando yake. Nikiwa nakanda unga dukani, Ramiro alikuwa akiniuliza mbona nimenuna, namwambia uchovu.

Sasa la dirisha. Sikujua kwamba hujui. Nilidhani walikwambia.

Siku aliyolipigilia nilikuwa nimelala pale pale, kitanda kilikuwa kimesogezwa chini ya hilo dirisha lako. Seremala alitaka kulifanya, Baba akamrudisha nyumbani. Unakumbuka Baba na nyundo, mtu wa mahakamani, hata picha hakuweza kutundika. Alijipiga kidole. Nikamuuliza kwa nini unamfungia Addie, atanionaje? Akaja akapiga magoti, mdomo ameufunga kwa leso kama walivyomwamuru, akaniambia, "Pumzi yako isipite kwake, Nelie. Nikikupoteza wewe nitabaki na mmoja. Siwezi kuwapoteza wote wawili."

Aliniambia mimi, Addie. Mtoto wa miaka tisa. Kwamba pumzi yangu ni sumu kwa dada yangu. Baada ya hapo nilikuwa nalala nimegeukia upande wa bonde, uso wangu usielekee ukuta wako hata nikisinzia. Ulifungiwa kwa sababu alitaka ubaki.

Liangushe sasa. Mimi pia sikulipenda.

Nelie


Harlow Falls
26 Aprili 1962

Nelie,

Barua yako ililetwa wakati paa la baraza limeshashuka na vioo vimeegemezwa kwenye banda la farasi. Mafundi waliwahi, Bwana Kimball alipopata neno lako hakuona sababu ya kungoja. Kwake lilifika asubuhi, kwangu mchana, kwa sababu mtu wa posta huanzia hotelini anakolala.

Niliisoma nimesimama jikoni. Nilipofika pale pa nyundo nikapanda juu bila kujua ninapanda. Kule chumbani kulikuwa na kelele upande wa pili wa ukuta, walikuwa wamefika kwenye mbao za dirisha langu. Ubao wa kwanza ukatoka, ukaingia mstari wa mwanga ukanipiga kifuani. Nitakueleza kweli: kwa muda huo mfupi nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, na barua yako mkononi.

Halafu Bwana Kimball akaniita nje, kwenye jukwaa la mafundi. Alikuwa ameinama anatazama fremu. Misumari imeingia mshazari, mingine imepindwa na kuachwa hivyo. Na pande zote nne, katika kila ufa, kumeshindiliwa vipande vya sufu ya kijivu, vimekatwa vyembamba, vimepakwa lami juu. Akaniuliza, kwa sauti yake ile ya upole, kwa nini mtu azibe dirisha namna hii dhidi ya maua.

Nikashika kipande. Upande wa ndani kulikuwa na bitana ya hariri, ile yenye milia. Nelie, ni koti la Baba la baridi. Koti lililotoka Boston. Unakumbuka alisema amelisahau kwenye treni, Mama akamnunia mpaka Pasaka? Alitembea majira yote yale ya theluji na koti la mahakamani, jepesi, na mimi nikamwonea aibu mbele ya wenzangu wa shule kwamba baba yangu ni mtu wa kusahau makoti kwenye treni. Alilikata akanizungushia dirishani.

Nikamwambia Bwana Kimball kwamba ulilala pale. Nikamwambia miaka yote saba. Akauliza, "Na barua ya mdogo wako?" Nikasema, tulidanganya wote wawili, mimi kwa sababu zangu na yeye kwa ajili yangu. Akakaa kwenye ngazi akashika kofia yake. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema tu kwamba angelipigania lile baraza kwa nguvu zake zote, na kwamba sasa akilijenga upya litakuwa baraza jipya lililovaa nguo za zamani. Siku mbili hizi anakunywa chai yake nje, na mafundi.

Umesema unanionea wivu kitanda nilichokaa kando yake. Basi pokea na hili, nimekaa nalo peke yangu. Siku zake za mwisho Baba hakuniita Addie. Aliniita Nelie. Alisema, Nelie, umekula? Nelie, kamba zinavuta vizuri? Alitaka tumbebe tumpeleke barazani akaone kama umefunikwa. Mara ya kwanza nilitoka nje ya chumba. Mara ya pili nikaitika. Nikamwambia, "Nimekula, Baba. Zinavuta vizuri." Nikawa wewe mpaka mwisho, Nelie, na sikuwahi kukusamehe.

Sasa chumba changu kina mwanga. Asubuhi jua linafika kwenye mto. Nimeona kwamba karatasi ya ukutani ni ya maua ya samawati, nilidhani ni ya kijivu. Sijui niweke wapi macho.

Kamati inauliza. Nimewaeleza yote, mbele ya watu, na mke wa mchungaji hajanisalimia tangu hapo. Wako tayari kulisimamisha tena kwa mbao zile zile ukitaka. Neno ni lako safari hii, na sitasema langu.

Adelaide


Tucson
6 Mei 1962

Dada Addie,

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nimeisoma kwa sauti jikoni, nikamsomea na Ramiro, picha yake.

Usilisimamishe. Waambie kamati nimesema hivyo na safari hii ni kweli. Vioo wampe yeyote mwenye bustani. Kipande cha koti unitumie kimoja, kingine weka wewe.

Nilipofika pale unapomwitikia Baba kwa jina langu, nilikasirika. Sitakuficha. Nilisema, hata hilo amelichukua. Nikatoka, nikaenda mpaka kanisani na kurudi bila kuingia. Njiani kurudi nikaanza kufikiri ningejibu nini mimi kama ningekuwa pale. Kwamba nimekula. Kwamba kamba zinavuta vizuri. Sina jibu jingine, Addie. Umemjibu sawasawa, na alikufa akijua nimefunikwa. Lakini bado nakuonea wivu, usije ukadhani yamekwisha. Nitakuonea mpaka nizikwe. Na wewe endelea kunionea wivu, tusipoteane.

Nimeuza gari la mikate nikakata tiketi ya treni. Nafika tarehe kumi na tano Juni, Ijumaa, mchana. Daktari anasema kifua kimekuwa kimya miaka mingi kuliko chake yeye.

Nina masharti, na usibishane, hujawahi kushinda ukibishana nami kwa barua. Wageni wa Jumamosi wasiingie wiki hiyo. Bi Osgood nitamwona Jumapili na nitamwomba radhi mwenyewe kwa kumwita mzee. Bwana Kimball umpe pole yangu na mkate nitakaouoka, ila asije kabla ya Jumatatu, hata akifuta viatu. Umekuwa naye tangu majira ya baridi. Sitaki kukugawana na mtu siku zile za kwanza.

Kitanda usiniwekee juu. Niwekee sebuleni, kwenye hayo mawaridi yenu.

Na jambo la mwisho. Tangu nilipougua sikuwahi kupita mlango wa mbele wa nyumba yetu. Walinipitisha ngazi za nyuma kwenda barazani, na walinishusha hizo hizo siku ya kwenda stesheni, mmesimama wote mbali kwenye majani. Mara hii nitapita katikati ya nguzo za babu Gerrit. Usinipokee stesheni, nitachukua teksi. Wewe uwe ndani. Nikibisha, ufungue wewe, na usirudi nyuma nikikukaribia.

Mdogo wako,
Nelie